Ndege Katika Friza ya Tantine

Asubuhi ile niliondoka Highview, mtaa tuliokaa Louisville, bila kujua ninakwenda wapi. Nilivaa koti la kazini, nikaiviringisha kamera ndani ya suruali moja ili isigongwe, nikaitia katika mfuko wa mgongoni, nikachukua kipande cha mkate kilichobaki mezani, nikatoka. Viti vya sebuleni vilikuwa vimeshasukumwa ukutani. Tantine Faida, mdogo wake mama yangu, alivisukuma mwenyewe jana yake kabla ya kurudi hospitali, akatandika mkeka katikati, na kwenye meza ndogo akaweka Biblia na chupa ya mafuta ya maombi. Mkeka ule ulikuwa wangu. Jioni ya siku ile ningepigishwa magoti pale, watu wa maombi wangenizunguka, na ningetakiwa kuungama kwamba mimi ndiye niliyemfunga pumzi binti yake. Niliupita nikiwa nimejibana ukutani, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Nje, magari yote ya wapangaji yalikuwa yamefunikwa na unga wa njano uliomwagwa na miti, na ndege walikuwa wakiimba kila upande, wale wadogo waliokuwa wamerudi na majira ya kuchipua. Kwa kawaida ningesimama. Asubuhi ile niliinamisha kichwa na kuongeza mwendo, kwa sababu baba mmoja wa kwetu aliyekuwa akiwasha gari kwenda kazini alinitazama, akapandisha kioo.

Ninaandika haya kwa sababu tantine amefariki. Nilikwenda kwenye matanga yake huko Louisville, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na masufuria makubwa ya chai, nikakaa pembeni. Mama mmoja mzee aliyekuwa karibu nami aliutoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, akaupakata. Hakufanya kwa ubaya. Nadhani hata hakujua kwamba anafanya. Kijana mmoja wa kanisani, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, akaniuliza kama mimi ndiye yule tonton, yule mjomba, wa ndege. Alikuwa akicheka. Ndevu zangu zina mvi sasa. Niliacha shule kabla ya kumaliza msingi, na tangu hapo nimeishi katika miji mingi na kufanya kazi nyingi: nimepakia maboksi, nimekata kuku, nimeogesha wazee wasiojua jina langu. Nimesoma kila karatasi iliyoangukia mkononi mwangu. Lakini kama mtu ataniuliza ni mwaka gani ulionifanya kuwa huyu niliye, nitautaja ule, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na ambao ninaukumbuka zaidi kwa hofu kuliko kwa kitu kingine chochote.

Ndege walianzia kazini. Ghala tulilofanyia kazi lilikuwa na ofisi upande wa mbele, na ofisi hiyo ilikuwa na ukuta mzima wa kioo uliopokea picha ya miti ya ng'ambo ya barabara. Katika majira ya kuchipua, tulipofika kazini alfajiri, tulikuta ndege wameanguka chini ya kioo. Waliiona miti ndani ya kioo, wakaiendea. Wenzangu waliwaruka tu. Mimi niliokota mmoja, naye alikuwa mwepesi kuliko kijiko, wa njano kifuani na mwenye mistari myeusi kama aliyeandikwa kwa kalamu, na sikuweza kumtupa. Nilitaka kujua ametoka wapi. Hapo ndipo nilipokutana na Bi Ruth, mwanamke wa Kizungu aliyestaafu, ambaye alipita kwenye majengo ya vioo kila asubuhi akiwaokota. Alikuwa na kibali. Ndege hao walipelekwa kwa wataalamu wanaowachunguza. Kiingereza changu kilikuwa kibovu lakini maswali yangu hayakwisha, na yeye alipenda kuulizwa. Aliniambia kwamba ndege yule alitoka nchi za kusini kabisa, akavuka bahari usiku, na alikuwa akielekea kaskazini kuzaa. Watu hupenda kuniambia kwamba ndege hao ni wakimbizi kama sisi. Sikubaliani nao. Ndege yule alijua anakokwenda.

Nilinunua kamera kuukuu yenye lenzi ndefu katika duka la vitu vya rehani, na nikaanza kwenda kabla ya kazi kwenye kichaka nyuma ya maduka ya Highview, mahali pa matairi mabovu na mikokoteni ya dukani iliyotupwa. Nilijifunza kusimama bila kutikisika mpaka ndege anisahau. Mmoja alikuwa na koo la rangi ya kaa la moto. Nilimfuata wiki nzima kwa ajili ya picha moja isiyo na ukungu. Wafu niliwapiga picha pia, kwa sababu mfu hatoroki na unaweza kuhesabu rangi za bawa lake. Niliwalaza kwenye sahani nyeupe ya tantine karibu na dirisha la jikoni, ambako mwanga wa asubuhi uliingia vizuri, kisha niliiosha sahani kwa maji ya moto, nikawatia ndege kwenye mfuko na kuwaweka chini kabisa ya friza, chini ya majani ya muhogo, sombe, na samaki wadogo wa ndagala, mpaka Jumamosi ambapo Bi Ruth alikuja kuwachukua. Aliniambia waganda, wasioze. Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Hata kwangu lilikuwa limeshakuwa la kawaida, na hilo ndilo lililonipotosha: nilisahau kwamba friza ile haikuwa yangu peke yangu, na kwamba watu waliokula kutoka ndani yake walikuwa na maana nyingine kabisa kwa ndege aliyekufa.

Binti wa tantine aliitwa Divine. Alikuwa na miaka mitano, alijibu kila mtu kwa Kiingereza, na alipenda kukaa mapajani mwangu aone picha kwenye kioo cha kamera. Tangu miti ichanue alikuwa akikohoa. Tantine alimpaka mafuta kifuani na kumnywesha maji ya tangawizi. Mchana mmoja, tukiwa tunakula, ndege aliingia kupitia mlango wa roshani ulioachwa wazi, akagonga taa, akagonga dirisha, akazunguka juu ya bakuli la bugali. Huko tulikotoka, ndege akiingia ndani ya nyumba, mtu wa nyumba ile atatoka amebebwa. Tantine alifunika kichwa cha Divine kwa kitenge na kuanza kukemea kwa jina la Yesu. Nami nilifanya nini? Nilichukua kamera. Ndege alikuwa ametulia juu ya pazia, mweusi na wa rangi ya chungwa, mdomo wazi kwa uchovu, na nilimpiga picha mbili kabla ya kumfunika kwa taulo na kumtoa nje. Niliporudi, tantine alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwaga bugali yote kwenye taka.

Wiki ile ile kifua cha Divine kilifunga. Ninakumbuka zaidi mbavu zake, jinsi ngozi ilivyoingia katikati ya mbavu kila alipovuta hewa, na midomo yake iliyokuwa ikibadilika rangi. Gari la wagonjwa lilimchukua pamoja na mama yake. Siku iliyofuata wanawake wa maombi walikuja kutupikia, kwa kuwa ndiyo desturi, mwenye mgonjwa haachwi kupika peke yake. Waliongozwa na Maman Espérance, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi nilipofika nchi hii, na ambaye sikuwahi kumwona akimsema mtu vibaya. Alikuwa akitafuta sombe ndani ya friza. Nilikuwa sebuleni nilipogundua kwamba mazungumzo ya jikoni yamekatika. Nilipoingia, mfuko wangu ulikuwa umefunguliwa juu ya meza na ndege walikuwa wamelala humo, wamekakamaa, na baridi ikiwatoka kama moshi.

"Bahati, hii ni nini?" aliuliza Maman Espérance.

"Ni ndege, Maman."

"Naona ni ndege. Banafanya nini mu friza ya mama wa mutoto mugonjwa?"

Nilieleza habari ya Bi Ruth, ya kioo, ya wataalamu. Niliisikia sauti yangu ikieleza, na kila neno lilizidi kuniharibia. Nilikuwa nasema kwamba mwanamke wa Kizungu, ambaye hakuna aliyemjua, hunipa kazi ya kuokota wafu alfajiri na kuwaficha chini ya chakula. Mmoja akauliza ni sahani gani ninayowalazia, kwa maana aliona manyoya yamekwama penye dirisha. Nilimwonyesha. Ilikuwa sahani ambayo Divine hupakuliwa chakula. Maman Espérance aliketi, akafuta uso kwa pindo la kitenge, na nikaona kwamba naye anaogopa. Watu wengi hudhani wanaomshtaki mtu ulozi wana hasira. Wale hawakuwa na hasira. Walikuwa wakiogopa kama mimi nilivyokuwa nikiogopa, tena walikuwa wakiogopa kitu kile kile, kwamba mtoto atakufa.

Nililala mchana ule chumbani, au nilijifanya kulala, nikiwasikiliza kupitia ukuta. Walisema kwamba mtu anaweza kuwa na ulozi bila kujua, kwamba mwingine hutoka mwilini akiwa usingizini na kurudi asikumbuke. Walisema kwa huruma. Mmoja alisema Bahati ni mtoto mzuri, huenda alipewa kwa chakula akiwa kambini. Nilikuwa nimelelewa na mafundisho hayo na sikuwa na mengine ya kuweka mahali pake. Nilijitazama mikono. Nilianza kujiuliza ninaota nini usiku, na kwa nini, kati ya watu wote wa ghala, ni mimi tu niliyeshindwa kumtupa ndege. Mtu akikuambia umemwibia, unajua kama umeiba au hukuiba. Lakini ukiambiwa umefanya jambo usilolijua, utajitetea kwa neno gani?

Tantine alirudi kubadilisha nguo. Aliingia chumbani bila kubisha, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, viatu bado miguuni. Alinuka sabuni ya hospitali. Kisha aliniambia kwamba mashine inampulizia Divine hewa, kwamba madaktari wanamwuliza maswali kwa simu ya mkalimani na yeye haelewi hata mkalimani, na kwamba kesho jioni watu wa maombi watakuja.

"Sema ndiyo, Bahati," alisema. "Ni neno moja. Utasema ndiyo, batakuombea, itaisha."

"Hata kama si kweli, tantine?"

"Kama si kweli, Mungu atajua. Miye sitakufukuza, unaishi hapa. Lakini mutoto hana wakati."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa akiniomba kama mtu anavyoomba damu kwa ndugu. Na mimi nilishawahi, huko kwetu, nikiwa mdogo, kumwona bibi mmoja aliyesema ndiyo. Alisema ili waache. Waliacha kweli, lakini neno lile halikumwacha. Lilimfuata kisimani na sokoni mpaka hakuna aliyepokea hata chumvi kutoka mkononi mwake. Nilimwambia tantine nitafikiri. Alipotoka chumbani, akavisukuma viti na kutandika mkeka, nilijua kwamba siwezi kusema ndiyo, wala siwezi kukaa na kusema hapana mbele yake. Ndiyo maana asubuhi nilipita kando ya ukuta.

Basi la kwanza lililokuwa na nafasi lilikwenda Columbus. Huko alikuwapo Amani, rafiki yangu wa kambini, aliyeishi kitongoji cha Whitehall na mkewe Mapendo katika jengo la matofali lenye ngazi za chuma. Tulivuka mto mkubwa, kisha mashamba ambayo hayajalimwa, na njia nzima nilishika simu bila kuiwasha. Kama Divine angekufa nikiwa kwenye basi, basi angekufa kwa sababu ya neno moja nililolinyima. Niliwaza hivyo mbele ya watu waliolala na kutafuna karanga. Amani alinipokea kwa kelele na kunikumbatia, akaniita mon vieux, mzee wangu, akamwambia Mapendo kwamba huyu ndiye aliyewahi kuifungua redio ya mkuu wa kambi ili aone nani anaongea ndani. Mapendo alicheka mpaka akashika tumbo; alikuwa na mimba kubwa. Tulikula bugali na samaki katika sinia moja, mikono yetu ikigongana, na kwa saa ile hofu ilikaa chini kidogo.

Asubuhi nilikwenda na kamera kwenye miti iliyo kando ya kijito nyuma ya majengo yao. Nilitaka nisiende, lakini niliwasikia. Niliwatambua: walikuwa aina zile zile nilizoziacha Highview, hata yule mwenye koo la kaa la moto, na nilipata wazo la kijinga kwamba wamenifuata. Nilikuwa nimeinua lenzi niliposikia gari likisimama. Mtu alikuwa amepiga simu kuwa kuna mwanamume anachungulia madirisha na kitu kirefu mkononi. Polisi walikuwa wawili. Huko kwetu mwenye darubini au kamera alionekana mpelelezi, na mpelelezi hakuulizwa mara mbili. Mikono yangu ilikuwa juu kabla hawajasema. Kamera ilining'inia shingoni ikinigonga kifuani. Yule mkubwa wao aliniomba nimwonyeshe picha. Nikabonyeza: ndege, ndege, tawi, ndege. Kisha zikaja zile za sahani nyeupe, wafu wamepangwa, mabawa yamefunguliwa. Aliacha kutabasamu. Alizitazama zote, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kama nina mahali pa kukaa. Nilisema ninaye rafiki. Akaniambia niende kwa rafiki yangu, na gari lao lilinifuata polepole mpaka ngazini.

Nilipoingia ndani Mapendo alikuwa ameshika simu sikioni. Sikuhitaji kuambiwa. Ujumbe wa sauti ulikuwa umesafiri kutoka Louisville kwa dada wa kanisa mpaka kwa dada wa kanisa, na niliitambua sauti tamu ya Maman Espérance ikisema watu waniombee popote nitakapofika. Mapendo aliizima upesi. Hakusema neno baya. Mchana alipika wali na maharagwe, na wao wakala sinia moja, na mbele yangu akaweka sahani yangu peke yangu, na kijiko, na glasi ya plastiki. Amani alitazama sahani ile, kisha akaendelea kula. Baadaye niliona glasi ile katika taka.

Nilishuka kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo lile na nikampigia tantine. Mashine moja ilikuwa ikizunguka na viatu vya mtu ndani, ikigonga. Simu iliita mpaka ikafika kwenye ile sauti ya kupokea ujumbe, nami nilikuwa nimesahau kwamba sauti ile ni ya Divine. Tantine alimrekodisha kwa sababu ya Kiingereza chake. Alisema mama yake hayupo, acha ujumbe, asante, halafu akacheka kabla ya mlio. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Nilichuchumaa kati ya mashine, nikasema, "Ndiyo, tantine. Ni mimi. Sasa apone." Nikakata. Nilibaki nimechuchumaa nikisubiri jambo fulani litokee ndani yangu, maumivu au nafuu, na hakikutokea kitu isipokuwa vile viatu kuendelea kugonga.

Amani alinipeleka kituoni kwa gari lake. Hakuzima injini.

"Miye sisadiki," alisema akitazama mbele. "Lakini Mapendo, unaona vile iko."

"Nimeona."

"Akijifungua, nitakuita. Utakuja kuona mutoto."

Nilimwambia ndiyo, nitakuja. Wote wawili tulijua. Ndani ya kituo niliuliza ni basi gani linaondoka kwanza, na lilikuwa la Buffalo, mji ambao nilijua tu kwamba uko kaskazini, mwisho kabisa, na kwamba baada yake kuna ziwa.

Niliposhuka Buffalo nilifikiri nimekosea majira. Miti ilikuwa mitupu. Kwenye vivuli vya kuta palikuwa na theluji chafu, na upepo kutoka ziwani ulipita ndani ya koti la kazini kama halipo. Nilitembea mpaka ufukweni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda na kwa sababu nilitaka kuona ziwa lenyewe, maana udadisi haunitoki hata nikiogopa. Bi Ruth aliwahi kuniambia kwamba ndege hupumzika kwenye vichaka vya ziwa hili wakingoja upepo mzuri kabla ya kuvuka. Vichaka vilikuwepo. Ndege hawakuwepo, ila mmoja mdogo wa kijivu aliyetikisa mkia juu ya jiwe na asingeweza kumvutia mtu yeyote. Nilikuwa nimewatangulia. Nilimpiga picha yule mmoja, vidole vimekufa ganzi. Ninayo mpaka leo, haina thamani, imejaa ukungu. Ndipo simu ikalia, na ilikuwa tantine.

Nilipokea. Nilisikia nyuma yake sauti ya televisheni, katuni, na nikajua kabla hajatamka. Divine alikuwa nyumbani. Ilikuwa pumu, alisema, ile asthme, daktari ameeleza kwamba ni unga wa miti, na wamepewa pompe ya dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Alikuwa ameanza kupumua vizuri siku ile ile niliyoondoka. Wakati basi langu likivuka mto, wao walikuwa wakimtoa kwenye mashine. Nilikaa juu ya mawe. Nadhani nilikuwa nikilia, lakini kwa upepo ule sina hakika. Nilimwuliza kwa nini hakupokea simu. Alisema kwamba alikuwa amelala, siku nyingi hakuwa amelala, na kwamba ujumbe wangu aliusikiliza pamoja na Maman Espérance, na watu wa maombi wote wakausikiliza.

"Bon," alisema. "Uliondoka, mutoto akapona. Na weye mwenyewe umesema. Donc basi unaelewa."

"Ni unga wa miti, tantine. Daktari amesema."

"Daktari anasema yake." Sauti yake ilikuwa na upendo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kaa huko kwanza, Bahati. Kula vizuri. Usirudi sasa."

Nimeligeuza jambo hili kwa miaka mingi katika vyumba vingi. Kama nisingeondoka, mtoto angepona vile vile, na mimi ningekuwa mtu aliyekataa na bado mtoto akapona. Kama nisingesema ndiyo, wangebaki na kuondoka kwangu tu, na kuondoka kunaweza kuelezwa. Hofu ilinipeleka kwenye yote mawili, moja baada ya jingine. Lakini kuna jambo ambalo nimelijua polepole, nalo ni kwamba pale juu ya mawe nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Divine alikuwa akitazama katuni, na mimi sikuwa na nyumba, na sikuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili, wala tantine hakuweza.

Jioni ilikuwa ikikaribia. Niliingia katika duka moja lililokuwa na mifuko ya unga wa muhogo dirishani, nikauliza kwa Kiswahili kama kuna mtu anayepangisha chumba, na mwenye duka akanyoosha kidole kwa mwanamke aliyekuwa akichagua nyanya. Aliitwa Mama Josefina, Mrundi, mjane aliyekulia kambi za Tanzania na kusema Kiswahili kilichonyooka. Aliniuliza kama ninavuta sigara na kama ninalipa mwisho wa mwezi au mwanzo. Tulitembea hadi kwake, nyumba ya mbao yenye ghorofa moja, baraza limeinama upande. Mlangoni, kabla hajafungua, nilimwambia asubiri. Ujumbe ule ungefika. Ungefika hata kabla sijafua shati. Nilimwambia kwamba ninapiga ndege picha, kwamba walikuta ndege wafu katika friza, kwamba huko Louisville wanasema mimi ni mlozi, na kwamba mimi mwenyewe nimesema ndiyo.

Alinitazama kwa jicho la mtu anayejuta kutoka dukani nami. Alirudi nyuma hatua moja. "Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Mtoto alikuwa hawezi kupumua, mama."

Alihamisha mfuko wa nyanya kutoka mkono huu hadi mwingine. Nilidhani ataniambia niende, na nilikuwa nimeshaanza kuangalia barabara.

"Hapa juu kuna mtoto," alisema. "Wa mpangaji wangu. Anaumwa kila mara, kama watoto. Akikohoa, utakimbia? Au utasema ndiyo tena?"

Nilisema hapana. Nilisema nikiwa nimejaa hofu na nikijua kwamba si ahadi ninayoweza kuithibitisha. Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akafungua mlango, akanionyesha choo, akanionyesha jiko, akasema humo ndani hakuna friza bali jokofu dogo tu na lina chakula chake. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, blanketi mbili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Niliketi kitandani nikiwa na koti langu. Hewa ya joto ilitoka kwenye tundu la sakafuni ikinuka vumbi. Juu yangu miguu midogo ilikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikasimama, na mtoto akakohoa. Nilijikuta nimeshasimama, mfuko mkononi. Akakohoa tena. Nilimsikia mama yake akimwambia jambo kwa lugha nisiyoijua, na maji yakifunguliwa. Nikaweka mfuko chini, nikavua viatu.